Bangi huharibu fizi. Je, viambata vyake vinaweza kuziponya?

Mwaka 1988, Vibeke Baelum, Ole Fejerskov na Firoze Manji walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa wilayani Machakos, Kenya. Vinywa vya watu zaidi ya 1,100, wenye umri wa miaka 15 hadi 65, vilikuwa vimepimwa jino kwa jino. Utando na ugaga vilijaa karibu kila kinywa. Kwa mafundisho ya miaka ile, uchafu wa namna hiyo ukiachwa hatima yake ni meno kulegea na kung'oka, kwa hiyo wazee wa Machakos walipaswa kuwa vibogoyo. Hawakuwa. Mifuko ya milimita 4 au zaidi kati ya fizi na jino ilipatikana kwenye chini ya asilimia 20 ya sehemu zilizopimwa, na sehemu kubwa ya uharibifu wote ilibebwa na watu wachache.

Miaka miwili kabla yake, Harald Löe na wenzake walikuwa wametoa picha inayofanana na hiyo kutoka Sri Lanka. Waliwafuatilia vibarua 480 wa mashamba ya chai, wanaume ambao hawakuwa na desturi ya kusafisha meno wala daktari wa kuwatibu. Asilimia 8 waliharibikiwa kwa kasi ya kutisha, asilimia 81 kwa mwendo wa wastani, na asilimia 11 hawakuvuka hatua ya fizi kuvimba. Kazi ile ile, chakula kile kile, ugaga ule ule.

Nimeanzia mbali kwa makusudi. Habari za "dawa ya meno ya bangi" zinazozunguka kwenye simu zetu huanza na madai kwamba mmea huu unaua vijidudu vya kinywani, na hiyo ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote katika habari hii. Sehemu yenye uzito ni hiyo iliyojitokeza Machakos na Sri Lanka: vijidudu huanzisha ugomvi, lakini anayebomoa nyumba kwa kiasi kikubwa ni mwili wa mgonjwa mwenyewe.

Hatua ya kwanza ya ugonjwa wa fizi inajulikana vizuri, na tena ni Löe aliyeionyesha. Mwaka 1965, huko Aarhus nchini Denmark, aliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kupiga mswaki. Ndani ya siku 10 hadi 21 wote walikuwa na fizi zilizovimba. Walipoanza tena kusafisha meno, fizi zikarudi kama zamani. Hatua hii haina kovu. Ndiyo ile ambayo mtu anatema damu kidogo asubuhi na kusema mswaki wake ni mgumu.

Hatua ya pili ndiyo inayong'oa meno. Utando ukikaa muda mrefu chini ya ukingo wa fizi, vijidudu visivyopenda hewa hustawi humo, maarufu zaidi kikiwa Porphyromonas gingivalis. Mwili hupeleka chembechembe nyeupe za damu. Hizo humwaga vimeng'enya ambavyo, pamoja na kuwashambulia wavamizi, huyeyusha nyuzi zinazolishika jino kwenye mfupa; ni kama wazima moto wanaovunja kuta za nyumba ili waufikie moto. Wakati huo huo seli za fizi hutoa ishara za hatari, na mojawapo ya ishara hizo, iitwayo RANKL, huziamsha seli zinazokula mfupa. Kwa kawaida mfupa wa taya hubomolewa na kujengwa upya kila siku kwa kiasi kinacholingana. Ishara hiyo ikizidi, ubomoaji hushinda. Fizi hurudi nyuma, mfuko huzidi kwenda chini, jino huonekana refu kuliko zamani, kisha huanza kucheza. Mfupa uliopotea haurudi wenyewe.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2022 kwamba ugonjwa mkali wa fizi unawagusa watu zaidi ya bilioni moja, sawa na asilimia 19 ya watu wote wenye umri wa zaidi ya miaka 15. Kisukari huuchochea, na wenyewe humfanya mgonjwa wa kisukari ashindwe kudhibiti sukari yake. Sigara huuchochea pia.

Kama mwili ndio unaobomoa, basi kuna njia mbili za kutibu. Ya kwanza ni ya siku zote: kwangua ugaga, ondoa utando, safisha mifuko. Ya pili ni kuutuliza mwili usipitilize. Njia hii ya pili si ndoto. Mwaka 1998 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha vidonge vya doksisaiklini vya miligramu 20 kwa wagonjwa wa fizi. Doksisaiklini ni antibayotiki, lakini kwa dozi ndogo kiasi hicho haiui vijidudu; inavizuia vile vimeng'enya vinavyoyeyusha nyuzi. Faida yake ni ya kiasi, na hutolewa pamoja na kukwangua, si badala yake. Hata hivyo ilifungua mlango: dawa ya fizi si lazima iwe sumu ya vijidudu. Hapo ndipo bangi inapoingia.

Mmea wa bangi una viambata zaidi ya mia moja vya jamii inayoitwa kanabinoidi. Viwili ndivyo vilivyopata umaarufu. THC, iliyotenganishwa mwaka 1964 na Raphael Mechoulam na Yehiel Gaoni huko Israel, ndiyo inayolewesha. CBD, yaani kanabidioli, haileweshi mtu. Kwa miaka mingi hakuna aliyejua viambata hivi vinashika wapi mwilini. Mwaka 1988 kikagunduliwa kipokezi cha kwanza, CB1, kilichotapakaa kwenye ubongo. Mwaka 1993 kikafuata cha pili, CB2, ambacho makao yake makuu ni kwenye chembechembe za kinga. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1992, kundi la Mechoulam lilipata jibu la swali lililokuwa likiwasumbua: kwa nini mwili wa binadamu uwe na vipokezi vya mmea? Kumbe mwili hutengeneza viambata vyake wenyewe vya aina hiyo. Cha kwanza kilipewa jina anandamidi.

Na anandamidi imo kwenye fizi pia. Mwaka 2006 watafiti wa Japani waliripoti kwamba inapatikana kwenye majimaji yanayotoka kati ya fizi na jino. Walipochukua seli za fizi za binadamu, wakazichokoza kwa sumu ya P. gingivalis na kisha kuzipa anandamidi, seli hizo zilipunguza sana ishara za hatari. Kwa maneno mengine, fizi ina breki yake. Swali likawa kama kiambata cha mmea kinaweza kuikanyaga breki hiyo kutoka nje.

Jibu la mwanzo lilitoka Brazili mwaka 2009. Marcelo Napimoga na wenzake walifunga uzi kuzunguka magego ya panya, njia ya kawaida ya maabara ya kuleta ugonjwa wa fizi, kisha wakawadunga CBD kila siku kwa siku 30. Panya waliopata CBD walipoteza mfupa kidogo kuliko wenzao, na ile ishara ya RANKL ilikuwa imeshuka. Matokeo yalikuwa mazuri. Lakini aliyefungwa uzi kwenye gego kwa siku 30 hafanani na mzee wa miaka 60 ambaye ugaga wake una umri wa mjukuu wake wa kwanza, na maabara za meno zimejaa dawa zilizowaponya panya.

Sasa tufike mahali ambapo msomaji mwenye msokoto mfukoni huanza kutabasamu. Asiharakishe. Tuna ushahidi mzuri wa kile ambacho bangi inayovutwa hufanya kwenye fizi, na ni mzuri kwa sababu haukutoka kwa panya. Katika mji wa Dunedin, New Zealand, watoto 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 wamefuatiliwa tangu utotoni hadi utu uzima. Waliulizwa kuhusu bangi wakiwa na miaka 18, 21, 26 na 32. Fizi zao zilipimwa wakiwa na miaka 26, na tena wakiwa na 32. Mwaka 2008 Murray Thomson na wenzake walichapisha matokeo ya watu 903 kati yao. Kwa wasiovuta, asilimia 6.5 walikuwa wamepata uharibifu mpya wa nyuzi zinazoshika jino ndani ya miaka hiyo sita. Kwa waliovuta kidogo, asilimia 11.2. Kwa wavutaji wakubwa, asilimia 23.6. Sigara ilikuwa imeondolewa kwenye hesabu.

Miaka minane baadaye watafiti wa kundi lile lile walirudi na swali pana zaidi. Watu hao walipofikisha miaka 38, walipimwa mapafu, mafuta ya damu, shinikizo la damu, sukari na mengineyo, na majibu yakalinganishwa na historia yao ya bangi. Kwa bangi, kitu kilichojitokeza waziwazi kuwa kibaya kilikuwa fizi. Wavutaji walikuwa wavivu zaidi wa kupiga mswaki, ni kweli, na wengine walikuwa walevi wa pombe. Lakini hata hayo yalipoingizwa kwenye hesabu, uhusiano ulibaki.

Inawezekanaje mmea uleule uharibu na uponye? Moshi ni jibu la kwanza. Kinachoingia kinywani mwa mvutaji ni majani yaliyoungua, na moshi wa majani yaliyoungua una mamia ya kemikali ambazo hazimo kwenye tone la CBD safi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, panya waliovutishwa moshi wa bangi walipoteza mfupa zaidi wa taya walipofungwa uzi. THC pia hukausha kinywa, na kinywa bila mate ni shamba la vijidudu. Nyumbani kwetu jambo hili linahitaji kusemwa waziwazi, kwa kuwa bangi ya Afrika Mashariki haijulikani kwa mafuta yaliyochujwa maabara. Inajulikana kwa msokoto.

Jibu la pili ni gumu zaidi, na watangazaji wa bidhaa hizi hulikwepa. Kutuliza kinga si jambo jema kila wakati. Mwaka 2019 kundi la David Scott katika Chuo Kikuu cha Louisville, Marekani, liliweka THC, CBD na ndugu yao CBN kwenye chembechembe za kinga, kisha wakazikutanisha na vijidudu vya fizi. Viambata vyote vilipunguza ishara za uchochezi na kuongeza zile za kutuliza. Ukiwa muuzaji wa jeli, hiyo ni habari njema. Ukiwa P. gingivalis, nayo ni habari njema: mlinzi amesinzia. Scott na wenzake waliliona hilo, wakatahadharisha kwamba huenda ndiyo njia mojawapo ambayo bangi humwachia mvutaji fizi zisizo na ulinzi. Kwa hiyo kipimo, mahali pa kupaka na wakati wa kupaka vina maana kubwa. Dawa inayotuliza fizi iliyokwisha kusafishwa ni kitu kimoja. Dawa hiyo hiyo juu ya ugaga wa miaka kumi inaweza kuwa kumfungia mwizi ndani ya nyumba.

Turudi basi kwenye madai ya kuua vijidudu. Si uongo mtupu. Tangu mwaka 1976 inajulikana, kutokana na kazi ya van Klingeren na ten Ham huko Uholanzi, kwamba THC na CBD huviua vijidudu vya kundi liitwalo Gram-chanya kwa dozi ndogo sana. Mwaka 2021 watafiti wa Queensland, Australia, walithibitisha jambo hilo kwa CBD na kuongeza kwamba kijidudu cha kisonono nacho hufa. Kwa dozi kubwa hata baadhi ya vijidudu vya fizi vimeonekana kudhurika kwenye chupa za Louisville. Tatizo ni kwamba P. gingivalis ni Gram-hasi, kundi ambalo kwa sehemu kubwa linavumilia CBD. Tena Waholanzi wale waliona jambo ambalo ni nadra kuliona kwenye matangazo: walipoongeza damu au majimaji yake kwenye chakula cha vijidudu, nguvu ya viambata hivi ilishuka mara nyingi. Fizi inayougua ni fizi inayovuja damu. Mahali pale pale dawa inapohitajika ndipo inapodhoofika.

Mwaka 2020 kulitoka ripoti kutoka Ubelgiji: utando wa meno wa watu wazima 60 ulipandwa maabara, na kanabinoidi zikapunguza idadi ya vijidudu kuliko dawa za meno za makampuni makubwa. Ripoti hiyo ndiyo iliyozunguka dunia nzima. Wachache walioisambaza walitaja kwamba waandishi wake walikuwa na uhusiano na kampuni inayotengeneza bidhaa za kinywa zenye kanabinoidi, au kwamba hakuna mtu hata mmoja aliyetibiwa: yalikuwa makundi ya vijidudu kwenye sahani. Waandishi wenyewe waliiita uchunguzi wa awali. Wangesomwa kama walivyoandika, isingekuwa na kelele.

Utafiti ninaouheshimu zaidi ulichapishwa mwaka 2024 na watafiti wa Jamhuri ya Czech. Wagonjwa 90 wa fizi waligawanywa makundi matatu kwa bahati nasibu: kundi moja lilipewa jeli na dawa ya meno zenye CBD ya asilimia 1, la pili klorheksidini, ile ambayo madaktari wa meno wamekuwa wakiitegemea kwa miongo mingi, na la tatu jeli tupu isiyo na kiambata. Mgonjwa hakujua alichopewa, wala aliyempima. Baada ya wiki nane hivi, waliotumia CBD walikuwa na fizi zisizovimba sana na zinazovuja damu kidogo kuliko waliopata jeli tupu. Na watafiti wenyewe waliona kwamba maelezo yenye mashiko ni kutuliza uvimbe zaidi kuliko kuua vijidudu. Tumezunguka tumerudi Machakos.

Nasema nauheshimu, lakini sitaubeba zaidi ya uzito wake. Watu 90, makundi matatu, ni watu 30 kwa kila kundi. Wiki nane zinatosha kupima uvimbe na damu, yaani mambo ya hatua ya kwanza, ile ambayo watu 12 wa Aarhus waliiponya kwa mswaki tu. Mfupa hupotea kwa miaka, na kuonyesha kwamba dawa imeuokoa kunahitaji picha za eksirei zilizopigwa kwa kipindi kirefu, kwa watu wengi, wakiwemo wenye kisukari na wavutaji sigara. Lakini klorheksidini nayo si malaika: ikitumika muda mrefu huyapaka meno rangi ya kahawia na kuharibu ladha ya chakula. Dawa inayokaribia kazi yake bila madoa hayo ingekuwa na kazi ya kufanya.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa kuna kikwazo kabla ya sayansi, nacho ni sheria. Tanzania inasimamiwa na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, Kenya na ile ya mwaka 1994, na kwa zote mbili bangi ni bangi. Uganda na Rwanda zimefungua mlango wa kilimo cha leseni kwa ajili ya dawa za kuuza nje, huku uvutaji wa mtaani ukibaki kosa. Desemba 2020, nchi wanachama wa Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya zilipiga kura 27 kwa 25 kuiondoa bangi kwenye orodha ya dawa zilizohesabiwa kuwa hatari zaidi na zisizo na faida ya tiba. Kura hiyo haikubadili sheria ya nchi yoyote. Anayesafiri ajihadhari zaidi. Chupa ya mafuta ya CBD iliyonunuliwa dukani London mchana kweupe, ikikutwa kwenye begi uwanja wa ndege wa Dubai, inaweza kumfikisha mwenye begi mahakamani.

Lakini kuna kipande kimoja cha habari hii ambacho ni chetu kabisa na hakihitaji leseni. Mwaka 2008 Jürg Gertsch na wenzake huko Zürich walikuwa wakitafuta ni kiambata gani kingine cha bangi kinachoshika kipokezi cha CB2, kile cha kinga. Wakakipata: beta-kariofilini. Hakileweshi, kwa kuwa hakigusi CB1 ya ubongoni. Kiliwapunguzia panya uvimbe wa nyayo, na panya waliozaliwa bila CB2 hawakupata nafuu yoyote, ushahidi safi kwamba njia ni hiyo. Kiambata hiki kimo kwenye bangi, kimo kwenye pilipili manga, na kimo kwa wingi kwenye karafuu.

Kwa hiyo bibi wa Pemba aliyemwambia mjukuu aume karafuu kwenye jino linalouma alikuwa anampa, pamoja na eujenoli inayotia ganzi, chembe za kiambata kinachoshika mlango ule ule ambao maabara za Ulaya zinaupigia hodi. Eujenoli ilikwisha kuingia kliniki zamani. Ikichanganywa na unga wa oksidi ya zinki huwa ile saruji ya muda yenye harufu ya pilau ambayo daktari huziba nayo jino. Sisemi karafuu inatibu ugonjwa wa fizi. Mafuta yake yakipakwa bila kuchanganywa huunguza fizi, na ganzi inayotuliza maumivu humfanya mgonjwa aahirishe safari ya kliniki hadi jino licheze. Nasema tu kwamba kama kuna chuo kati ya Zanzibar na Nairobi kinachotafuta mradi wa kanabinoidi usiohitaji kibali cha mamlaka ya dawa za kulevya, malighafi imeanikwa kwenye majamvi Wete.

Shida yetu kubwa iko kwingine. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, kanda ya Afrika ina madaktari wa meno 3.3 kwa kila watu 100,000, karibu sehemu moja ya kumi ya wastani wa dunia. Wilaya nyingi zina daktari mmoja wa kinywa na meno, ambaye siku yake huisha kwa kung'oa yaliyokwisha kuharibika. Jeli yoyote, iwe ya CBD, ya klorheksidini au ya karafuu, hupakwa baada ya ugaga kukwanguliwa, na wa kuukwangua ndiye huyo.